Waliookota Mawe Mbele ya Ndege

Kioo kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilikiinua kwa mikono miwili, nikakiegemeza kwenye mguu wa meza, kisha mbele ya wageni waliokuwa wameshika chupa zao za soda nikaanza kuondoa vitu vyangu vidogo kimoja kimoja. Ngazi kwanza. Kisha kabari za magurudumu. Kisha mapipa ya mafuta, fimbo ya kuvutia ndege, mlingoti na soksi yake ya upepo. Vyote viliingia katika mfuko wa nguo za mtoto, kati ya sweta na biskuti. Vichuguu viwili vilikuwa vimeshikwa na gundi, nikavivunja. Monsieur Placide, katibu wa kamati ya maonyesho, alizunguka nyuma yangu na koti lake la sherehe akisema, "Mama, mbele ya bageni, Mama," lakini hakunigusa, na alifanya vizuri. Nilipomaliza, ndege ilibaki peke yake juu ya ubao mwekundu, haina pa kupandia wala cha kuizuia isiondoke. Mgeni mmoja aliinama, akaitazama kidogo, akamwambia mwenzake kwamba kumbe ni kitu cha watoto kuchezea. Sikumwomba aseme hivyo. Alikuwa amenisaidia kazi.

Nilifika pale kwa amani, watu wajue. Mama Stéfa, aliyenipokea nyumbani kwake, tulikuwa tumemzika kabla ya mvua kuanza, na kamati ilipokuja mtaani kwetu Panda, hapa Likasi, kuazima vitu vya zamani vya mji, mimi ndiye niliyebeba ule ubao mikononi mpaka kwenye ukumbi, nikaupanga mwenyewe chini ya kioo. Siku ya ufunguzi nilimvalisha binti yangu Grâce gauni la misa, nikamwambia atamwona Bibi yake Stéfa akiwa kijana. Tukasimama mbele ya meza. Ndege ipo, ngazi ipo, mapipa yapo. Wanawake hawapo. Grâce akauliza, "Mama, bamama beko wapi?" na mimi nikamuuliza Monsieur Placide. Alinivuta pembeni, akapunguza sauti kama mtu anayezungumzia ugonjwa. "Unielewe, Mama. Bale bamama balikuwa banageuzia bageni nyuma. Muntu mukubwa anaingia pa mulango, kitu ya kwanza anaona ni matako. Haiko muzuri. Iko protokole." Grâce akatuita kutoka nyuma ya meza. Aliwakuta katika kikombe cha plastiki, wamechanganywa na pini za kubandikia karatasi. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa chini kabisa, shingo imepinda. Grâce akakikumbatia kikombe chote, na hapo ndipo nilipoweka mikono kwenye kioo.

Sasa mjini wanasema Mama Grâce aliharibu sherehe kwa sababu ya vidoli. Basi niseme vilitoka wapi.

Mwaka nilipovitengeneza nilikuwa na diploma mpya na tumbo jipya, na vyote viwili havikunipatia pa kulala. Namna nilivyofika kwa Mama Stéfa si habari ya leo. Hakuwa ndugu yangu. Alinikuta baada ya misa ya asubuhi nimekaa juu ya sanduku langu, akaniuliza kama najua kuchambua mboga ya lengalenga, nikasema najua, tukaondoka pamoja. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda kuchimba madini Kambove na akasahau njia ya kurudi, ingawa si mbali. Naandika hivyo kwa urahisi kwa sababu hasira yangu kwa yule ilikwisha zamani. Hasira niliyonayo leo ni nyingine, na nadhani ni bora zaidi. Ile ya kwanza ilikuwa inanila mimi. Hii inajua inakokwenda.

Nyumba ilikuwa moja ya zile za kambi ya zamani ya wafanyakazi, matofali na bati, vyumba viwili, na ukuta tuliogawana na majirani. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, picha ya Bikira, na dirisha lililotazama bomba la kiwanda ambalo siku nyingine lilikumbuka kutoa moshi. Kupitia ukuta ule nilisikia maisha yangu yakisimuliwa vizuri kuliko ningeweza mwenyewe. Jirani alikuwa akikoroga bukari, ugali wa kwetu, huku akimweleza dada yake habari zangu, na mwiko ulikuwa ukigonga sufuria mahali pa nukta. Nakumbuka hasa siku aliposema kwamba diplome ya ule mutoto iko inakomaa mu tumbo, miezi kidogo ataiona inalia. Walicheka sana. Mama Stéfa alikuwa kwenye mbabula, jiko la makaa, anageuza samaki, akapaza sauti bila kuacha kazi: "Na yako ilisha kukomaa, Mama Jolie? Ama ilioza?" Halafu wakacheka tena, wote, hata Mama Jolie, na jioni ile akatuletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika bidoni la plastiki. Ndivyo watu walivyoishi pale. Walikuchoma mchana na kukunywesha jioni, na ilibidi ujifunze kupokea vyote viwili kwa mkono uleule.

Ng'ambo ya njia aliishi Papa Odilon, mjane, aliyechora ramani na mashine katika ofisi ya kampuni mpaka alipostaafu. Mpwa wake aliyeko Ulaya alimtumia sanduku lenye vipande vya ndege ya plastiki, ndege ya injini mbili ya aina ile iliyokuwa ikitua katika kiwanja kidogo nje ya mji wakati yeye akiwa kijana. Aliiunganisha mwenyewe kwenye barza ya mbele ya nyumba yake, kwa subira ambayo ilimkera kila mtu. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Bawa aliliona. Kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele hakukiona tena. Siku moja alinikuta namtungia Mama Stéfa sindano, akasimama akaangalia vidole vyangu kama mtu anayeangalia embe kwenye mti wa jirani. Akasema ndege yake imekwisha lakini haina mahali pa kukaa. Alihitaji vitu vya pembeni: ngazi, kabari, mapipa, vile vitu ambavyo havimo ndani ya sanduku.

"Ile ndege ilitoka mu bwate, mu sanduku," aliniambia siku ya kwanza, ameketi na kofia magotini. "Ku Buraya kila muntu iko nayo. Batu bataona namna gani kama hii ni ya kwetu? Paka tu na bintu bya pembeni. Chini yake, udongo yake, njo itasema."

Nilifikiri ni maneno ya mzee mpweke. Leo nayarudia kama sala. Ndege ile ile ipo kwenye kabati za watu nisiowajua, katika nchi nisizozijua, na zote zinafanana kwa sababu kiwanda ni kimoja. Kilichotofautisha ya kwetu kilikuwa vumbi.

Basi nikajifunza. Kanuni yake ilikuwa moja: mtu mzima, akisimama kando ya ndege ile, ana kimo cha kiungo cha juu cha kidole gumba changu. Kila kitu kipimwe kwa mtu huyo. Pipa lifike chini kidogo ya kifua chake. Kabari isimzidi kifundo cha mguu. Nilikuwa nikitembea Panda nzima nimeinua kidole gumba, nikipima milango na toroli na mbuzi, na Mama Jolie akawaambia watu mimba imenipanda kichwani. Mapipa nilikata kutoka kwenye penseli, na ili kupata zile pete za pipa la kweli nilizungushia uzi na kuupaka gundi. Ngazi ilitokana na meno ya kitana. Fimbo ya kuvutia ndege ilikuwa mrija wa kalamu uliokwisha wino. Soksi ya upepo niliikata kwenye plasta ya hospitali, nikaipaka vernis nyekundu ya kucha, ikawa nzito, ikaning'inia kama siku isiyo na upepo. Papa Odilon akasema iache, alizozikumbuka yeye ni siku za joto. Ardhi ilikuwa udongo mwekundu wa uwanjani petu, tulioupepeta kwa soksi ya nailoni na kuumimina juu ya ubao wenye gundi mbichi. Harufu ya gundi ilinitapisha, kwa hiyo nilifanya kazi nimekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na mvua iliponyesha upande mmoja ulilowa.

Mama Stéfa alikuja na sahani zetu, akaziweka mbali na gundi, akaondoka. Alitudharau kidogo, nadhani. Mara ya kwanza alipoiangalia ndege vizuri aligombana na Papa Odilon kuhusu injini, yeye akisema zilikuwa nne, mzee akisema mbili, na akamwonyesha picha kwenye sanduku. Mama Stéfa akasema sanduku halikuwa Likasi. Waligombana mpaka bukari ikapoa. Katika hilo alikosea, na hakukubali mpaka kufa kwake. Lakini siku nilipomaliza vichuguu na kuvisimamisha ukingoni mwa kiwanja, akaja na sahani, akasimama, akaacha mvuke wa sombe, mboga ya majani ya muhogo, upande usoni mwake.

"Ndege yenu iko muzuri," alisema. "Nani alitoa mawe?"

Papa Odilon akauliza mawe gani. "Mawe ya mu pisti, mu kiwanja. Unazani ndege ilikuwa inashuka tu vile? Mawe inaruka, inapiga ile bintu inazunguka, inavunjika. Nani alikuwa anatoa?" Mzee akafikiri, akasema pengine kulikuwa na mashine. Mama Stéfa akaweka sahani chini. Akasema mashine ilikuwa na jina, iliitwa Mama Régine, na nyingine iliitwa Stéfa, na zilikuwa na mabeseni.

Ndivyo tulivyopata habari ile, mlangoni, chakula kikiwa kimewekwa chini kwenye vumbi. Ndege ilipotarajiwa, wake za wafanyakazi wa kambi waliitwa. Walijipanga mstari mmoja kuvuka kiwanja, wakaanzia mwisho wa mbali, wakaja wameinama, kila mmoja akisafisha upana wa mikono yake miwili, jiwe la ngumi na jiwe la yai vyote ndani ya beseni. Walilipwa unga. Kabla magari ya wakubwa hayajafika, walitakiwa wawe wameshamwaga mawe nyuma ya vichuguu na kukaa hukohuko wasionekane. Ndiyo maana Papa Odilon, aliyefika na magari, hakuwahi kuwaona. Hakubishana. Alizungusha kofia yake, kisha akaniambia, "Mwana yangu, kazi haiyakwisha."

Wanawake wa kwanza niliowatengeneza walikuwa wabaya. Nilichukua waya wa shaba uliotolewa kwenye moteri iliyoungua, nikausokota kuwa mifupa, nikauvisha karatasi laini na gundi, nikapaka vitenge vyao kwa ncha ya kijiti cha meno. Niliwasimamisha wima wakiitazama ndege, mmoja amenyoosha mkono kama anaaga. Nilijivunia sana. Mama Stéfa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hao ni bibi arusi. "Hatukukuwa tunaangalia ndege, Léonie. Tulikuwa tunaangalia chini." Kisha, mzee vile alivyokuwa, akachukua beseni la kuoshea vyombo, akainama uwanjani, miguu wazi, mkono mmoja kwenye goti, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo akiokota mawe ya kweli. Akaniita nami niiname kando yake na tumbo langu. Mama Jolie akatoka, akauliza tumepoteza nini, akajibiwa ainame naye, akainama. Tulikuwa watatu, matako juu, na Papa Odilon kwenye barza yake akatazama pembeni kwa adabu.

Ukiwa umeinama hivyo ndipo unaelewa mambo. Damu inakuja usoni. Huwaoni wenzako isipokuwa miguu yao. Mama Stéfa alisema ndiyo maana habari zote za kambi zilipita kwenye ule mstari, kwa sababu mtu husema ukweli akiwa haonekani uso. Ndoa zilivunjwa pale na nyingine zilipangwa. Na kutoka nyuma kila mmoja alijulikana kwa kiuno chake. Mama Régine alikuwa mpana, hakuna aliyeweza kumpita. Mwingine alikuwa mwembamba kama ufagio. Mwingine mguu mmoja ulikuwa mfupi, akaokota kwa kuzunguka. Nikawatengeneza hivyo, mmoja mmoja, Mama Stéfa ameketi na kuniambia ongeza, punguza, hapana, ule alikuwa na kiburi, mupe kiburi. Namna ya kumpa kiburi mtu asiye na uso, mwenye urefu wa nusu kidole gumba, nilitafuta kwa siku kadhaa. Nikakipata kwenye viwiko.

Mabeseni yalitoka kliniki. Walikuwa wakinipa vidonge vya damu kwa ajili ya mimba, na karatasi ya rangi ya fedha iliyovifunika ilikuwa laini kuliko ya sigara. Niliikata duara, nikaikandamiza kwa kichwa cha kijiti cha kiberiti, ikawa beseni. Mawe ndani yake ni mchanga mnene. Kwa hiyo kila kidonge nilichomeza kilimpa mwanamke mmoja chombo cha kazi. Wakati ule sikuwaza hivyo, niliwaza kuhusu kichefuchefu.

Wa mwisho alikuwa mwenye mtoto mgongoni, na huyo alinishinda. Nilimfunga mtoto kama gunia la unga. Mama Stéfa alitazama, akaenda zake, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Halafu Grâce akazaliwa, mwisho wa mvua, na wiki chache baadaye nilikuwa nimeinama juu ya beseni la nguo naye mgongoni nilipomhisi anateremka, polepole, kuelekea shingoni kwangu, shavu lake likaja kupumzika nyuma ya sikio. Nikasimama na povu mikononi. Nikaelewa kwamba mwanamke anayeinama siku nzima anafunga mtoto juu zaidi, anakaza kitambaa kifuani mpaka kinauma, na bado mtoto anateleza, na yeye anainua bega moja kumzuia. Bega moja. Nilikata waya, nikaanza upya.

Nilipompelekea yule mpya, Mama Stéfa alikuwa kitandani na homa. Alimweka kwenye kiganja, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Ule njo minye, mimi mwenyewe," alisema. Akamgusa mtoto kwa ukucha. "Na ule njo Bibiane." Nilikuwa nimeishi naye miezi yote ile na sikuwahi kulisikia jina hilo. Hakunieleza zaidi ya kwamba mtoto wake huyo hakufika kutembea, na kwamba hakukuwa na foto, maana nani alikuwa anapiga foto ya mutoto ya kambi. Kisha akanirudishia, akageukia ukuta, na mimi nikatoka kwenda kumtazama wangu. Hilo ndilo lote lililosemwa. Lakini tokea hapo, kila alipokwenda kwa Papa Odilon, alitazama kwanza ubao ule, kama mtu anayechungulia chumba anapolala mtoto.

Papa Odilon alitaka mstari uwe nyuma ya mkia ili pua ya ndege ionekane vizuri. Mama Stéfa alikataa. Walianzia mbali wakaja kuikuta ndege, alisema, kwa hiyo wawe mbele ya pua, wameikabili. Mzee akashindwa, akaomba gundi. Wakawa saba, mbele ya ndege, migongo yao kwetu tunaotazama. Na hapo ndipo ilipotokea kitu ambacho sikutarajia. Mpaka siku ile ndege ilikuwa ya plastiki. Walipowekwa wale, ikawa kubwa. Ghafla uliona urefu wa kupanda hadi mlangoni, uzito wa gurudumu, ukali wa ile bintu inayozunguka. Hakuna kilichobadilika ila kwamba mtu alikuwepo pembeni yake. Papa Odilon alisogeza uso karibu kabisa, ukungu wake wote, akasema pole pole kwamba sasa ndege imeshuka.

Mengi ya maisha yangu nimeyapima kwa mwaka ule. Nilipopata kibanda cha kushonea, nilipokuwa mama peke yangu katika mistari ya kliniki na ya shule, nilijua tayari kwamba watu wanaangalia ndege. Sikuumia sana. Nilijua pia kwamba mahali fulani, juu ya kabati ya mzee mmoja Panda, kuna ubao ambapo mambo yamewekwa sawa. Ukiwa na hakika ya sehemu moja, sehemu nyingine unaweza kuzivumilia. Ndiyo maana kile kikombe kilinimaliza. Hawakuwaondoa wanawake kwa chuki. Waliwaondoa ili ukumbi upendeze wageni, kama vile walivyoondolewa zamani nyuma ya vichuguu kabla ya magari kufika, na aliyewaondoa hakujua hata kidogo kwamba alikuwa anarudia.

Papa Odilon alikuwepo siku ya ufunguzi, amewekwa safu ya kwanza na ua kifuani. Macho yake sasa yanatofautisha mwanga na giza tu, kwa hiyo hakujua. Alisikia kioo kinagonga meza, akauliza nani anavunja. Nikamwambia ni mimi. Akauliza, "Bamama beko wapi?" Nikamjibu, "Mu kikombe, Papa. Pamoja na bipini." Alitoa ua lile, akaliweka kwenye kiti, akaomba mkono wa Grâce apelekwe nje. Mlinzi alitusindikiza wote watatu kwa upole. Mlangoni Monsieur Placide alinifuata, jasho limemtoka, akaniambia nimechukua mali ya maonyesho, na kama nina malalamiko niandike, huku wanafanya kazi na karatasi. Nikamwambia nilisoma mpaka mwisho wa sekondari, karatasi naijua.

Mwanzoni nilitaka kumtukana kwa maandishi. Nilichana barua mbili. Jirani alinishauri niandike kwa Kifaransa ili ionekane ya maana. Nikafikiri ule mstari ulizungumza lugha gani, nikaandika kwa Kiswahili. Papa Odilon alinisikiliza nikimsomea kwenye barza, akarekebisha mahali pawili, akaniambia niongeze habari ya ndege yake, kisha nikaushika mkono wake akatia sahihi. Karatasi niliipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Hii hapa, kama ilivyo.

*Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maonyesho ya Vitu vya Zamani, Likasi.*

*Kuhusu: wanawake saba walioondolewa mbele ya ndege.*

*Bwana Mwenyekiti,*

*Mimi Léonie, mshonaji, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Panda, ninalalamika rasmi. Kabla ya ufunguzi, katibu wako aliwaondoa wanawake saba waliokuwa mbele ya ndege na kuwaweka katika kikombe, bila kuniuliza mimi niliyewatengeneza wala Papa Odilon mwenye ndege. Sababu aliyotoa ni kwamba waliwageuzia wageni matako. Ni kweli, waliwageuzia. Anayeokota jiwe chini hana namna nyingine ya kukaa. Kama kamati inajua namna ya kuokota mawe mtu akiwa amesimama wima, nifahamishwe, nitawatengeneza upya.*

*Ndege mliyonayo ilitoka katika sanduku na inapatikana popote. Wanawake hawa hawapatikani. Waliisafishia njia, na bila wao isingetua hapa, wala leo msingekuwa na cha kuonyesha. Tena, bila mtu pembeni yake ndege hiyo haina ukubwa. Mgeni wenu mwenyewe aliiona ni ya kuchezea.*

*Sasa ninao mimi, na ninaomba warudishwe mahali pao, mbele ya pua ya ndege, mstari mmoja, wameinama kama walivyokuwa. Siku watakaporudi, ngazi, kabari, mapipa na vingine vyote nilivyoondoa vitarudi siku hiyohiyo, na vichuguu nitavisimamisha tena. Wasiporudi, Papa Odilon, ambaye sahihi yake iko chini ya yangu, ataichukua ndege yake. Kwenye kibao muandike: kiwanja cha ndege na wanawake waliokisafisha. Jina langu msiliweke.*

*Yule mwenye mtoto mgongoni ninamtibu shingo. Ataletwa wa mwisho, wenzake wakishakuwa mahali pao, kwa sababu yeye na mtoto wake hawana picha nyingine.*

*Ninaambatanisha mwanamke wa kwanza, wa waya na karatasi, na beseni lake. Aliitwa Mama Régine. Ninaomba katibu aandike kwamba amempokea. Msinirudishie mimi. Mrudisheni kazini.*